Aliyeitika Chemchemini

Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Nalitanguliza hilo kwa sababu ndio ulionipatia kazi, na ndio ulioniponza. Nilipokuwa msichana mdogo Awindiri, pembezoni mwa mji wa Arua, walimu walikuwa wakiniita ubaoni niandike tarehe, na wenzangu wakininunia. Tulipokimbilia Zaire baada ya vita vya mwaka wa sabini na tisa, niliwaandikia barua watu wazima waliotaka kujua jamaa zao wako kambi gani, na barua hizo nilizipamba kwa herufi za kujipinda hata pale habari zilipokuwa za msiba. Nilikuwa na kiburi cha kalamu. Sikukificha, na hakuna aliyenikanya.

Tuliporudi Arua, serikali ikiwa imebadilika zaidi ya mara moja, mji ulijaa kuta zisizo na mabati na watu wasio na vyeti. Bibi yangu alikuwa kijijini Dadamu akilima shamba lake kana kwamba hakuwahi kuliacha. Mimi kulima sikutaka. Nilipata ajira katika ofisi ndogo yenye chumba kimoja na veranda, na kazi yake ilikuwa hii: kuwasaidia watu waliorudi kutoka Sudan na Zaire wachore ramani ya ardhi yao wenyewe, waseme wenyewe wataitumiaje, halafu karatasi ifike kwa wakubwa kabla mtu mwingine hajapeleka ya kwake. Vyombo vya kupimia hatukuwa navyo. Tulipima kwa hatua, tukaandika kwa penseli kule kijijini, kisha mjini mimi nikanakili kwa wino.

Ukoo ninaousimulia ni wa Wakakwa, upande wa Koboko unaoelekea Sudan. Mimi ni Mlugbara, na Kikakwa sikujua zaidi ya salamu. Basi tulikutana kwenye Kiswahili, kile cha kwetu kilicholelewa kambini na sokoni, ambacho watu wa pwani wakikisikia hushika vichwa. Nusu ya wanaume wa pale walikuwa wametumikia jeshi, wao au baba zao, na hata wakikuomba chumvi ilisikika kama amri.

Aliyenipokea alikuwa mpiga tarumbeta jeshini. Tarumbeta yenyewe ilipotea alipovuka mpaka, na meno yake mawili ya mbele nayo yakaenda njia hiyo hiyo, kwa hiyo aliongea huku akipuliza kidogo. Alinitazama nikishuka kwenye lori na daftari langu kifuani.

"Mwalimu ya kalamu," aliniita tangu siku ile, "wewe nakula nini kule Arua? Mguu yako iko kama ya kuku."

Nilimjibu kwamba sikuja kupimwa mimi, nimekuja kupima ardhi. Alicheka mpaka akakohoa. Tangu hapo tulitaniana kila tulipokutana, na mkewe, mama mmoja mrefu mwenye macho yasiyokubali upuuzi, alikuwa akitusikiliza bila kucheka.

Walikuwa wameshaamua jambo lao kabla sijafika, na hilo lilinipendeza, maana kwingine nilikokwenda watu walinisubiri mimi niwaambie la kufanya. Wao walisema hawataki tena kulima tumbaku. Waliilima zamani, na wanajua ilivyo: mabanda ya kuikaushia yanakula kuni mwaka mzima, na miti ikiisha mkulima anabaki na moshi machoni. Walikuwa na kichaka kikubwa cha miti ya kale kuzunguka chemchemi, na ndani yake mizinga ya nyuki ya tangu babu zao. Walitaka kichaka kibaki, nyuki waongezwe, asali na nta wauze Arua kwa mikono yao.

"Sisi hapana taka mutu kutuambia tulime nini," mpiga tarumbeta alisema. "Sisi iko na nyuki. Wewe andika tu."

Shida ilikuwa moja. Mfanyabiashara fulani wa tumbaku, mtu wa mbali, alikuwa ameshapeleka barua kuomba kichaka hicho hicho, kwa kuwa kilikuwa na maji ya kumwagilia kitalu na kuni za kukaushia. Barua yake ilisema mahali pale hapana mwenyewe. Na kama pangeonekana kweli hapana mwenyewe, angepewa. Vitongoji vitatu vilichota maji pale.

Ardhi yote ya ukoo iligawanywa kwa nyumba, na nyumba ya chemchemi ilikuwa imekwisha. Mzee wake alizikwa pale pale juu ya maji kabla ya vita, na mkuyu ukapandwa kichwani pake. Wake zake na wanawe walifia kambini Sudan, wote katika msimu mmoja wa mvua. Alibaki binti mmoja ambaye hakuna aliyejua pa kumweka. Siku ya kukimbia, walipofika kijito cha kwanza, alisimama akasema ameacha moto unawaka jikoni, ngoja arudi auzime, nyumba isije ikaungua. Walimngoja mpaka risasi zikasogea. Kisha wakaondoka. Waliporudi baada ya miaka, wengine walimhesabu miongoni mwa wafu, na wengine hawakumhesabu popote.

Nilipelekwa kukiona kichaka siku iliyofuata, saa sita mchana, jua likiwa limesimama wima. Tulikuwa watatu: mimi, mpiga tarumbeta, na mkewe mbele. Nje nyasi zilitufika kiunoni na zilitukata miguu. Tulipoingia chini ya miti, nyasi ziliisha, na mbele yetu palikuwa na njia.

Njia hiyo ilikuwa imefagiliwa. Siyo kukanyagwa, kufagiliwa, na mistari ya ufagio ilionekana kwenye vumbi, ikikatana vizuri kama katika ua wa mwanamke anayetarajia wageni. Nilidhani walipasafisha kwa ajili yangu, nikashukuru. Mpiga tarumbeta alisema yeye hakufagia, alidhani ni wanawake wachotao maji. Mkewe alisema wanawake wachotao maji hupita upande wa pili, na kila mmoja wao alidhani ni mwenzake.

Tulikwenda mbele. Mizinga ilining'inia juu, ile ya kusukwa kwa vijiti na kukandikwa kinyesi cha ng'ombe. Mmoja ulikuwa chini kidogo, nikausogelea. Kinyesi kilichoziba nyufa zake kilikuwa kibichi, na alama za vidole vitatu vyembamba zilikuwa bado pale. Sikusikia nyuki. Walikuwemo, niliwaona wakiingia na kutoka, lakini pale chini hapakuwa na sauti yoyote, hata ya majani. Nilitaka kuuliza kitu, nikaona mke wa mpiga tarumbeta amevua viatu na kuvishika mkononi. Nikavua vyangu pia. Sikujua kwa nini nilivua, na niliona aibu, mtu wa ofisi kutembea pekupeku kwa sababu ya ufagio.

Sasa nieleze desturi yao ya kuita mpaka, na mwitaji ni nani. Ukoo ule haukuweka mawe ya mpaka. Waliweka wafu wao pembeni mwa mashamba, na mpaka ulikwenda kutoka kaburi hadi kaburi. Ugomvi ukitokea, au watu wakirudi kutoka mbali, mpaka huitwa. Kila nyumba husimama kwenye kaburi lake. Mwitaji hutembea akifika kila kaburi analitaja jina la aliyelala pale, naye mtu wa nyumba hiyo humwitikia marehemu kwa neno moja la Kikakwa, ambalo maana yake ni "niko." Jina likiitwa mara tatu pakawa kimya, ardhi ile hurudi mikononi mwa ukoo au humezwa na mwenye nguvu. Majina hayo siyaandiki hapa. Pale hayatajwi mbele ya asiyeweza kuyaitikia, na nimeshavunja desturi za watu wale vya kutosha.

Mpiga tarumbeta ndiye aliyekuwa mwitaji. Mpaka ulikuwa haujaitwa tangu kukimbia. Siku ya kuuita niliwafuata na daftari, nikiweka alama ya penseli kila palipoitikiwa. Alitembea kifua mbele kama yuko gwaride, na nilikuwa nimeandaa utani wa kumtania baadaye. Haukunitoka. Kwenye kaburi la tatu mzee aliyejibu alitokwa na machozi katikati ya neno, na kwingine nyumba nzima ya watu waliokonda iliitikia pamoja kwa nguvu hata ndege wakaruka. Niliandika, niliandika. Herufi zikaharibika, mara ya kwanza katika maisha yangu.

Tulifika chemchemini jua likiwa utosini. Hapo hapakuwa na mtu wa kusimama. Wote walibaki nje ya miti. Mwitaji aliingia, nami nyuma yake, na mkewe nyuma yangu. Nilijua kitakachotokea: ataita mara tatu, patakuwa kimya, nami nitaandika sifuri. Aliita mara moja. Nilikuwa nimeinamisha kichwa kwenye karatasi.

Jibu lilitoka nyuma ya mkuyu, mahali penye mitambaazi minene. Ilikuwa sauti ya mwanamke, si kubwa, si ya kulia. Aliitika kama mtu aliyeitwa akiwa na kazi mkononi.

Mwitaji hakuita mara ya pili. Alikwishageuka kwenda kaburi linalofuata. Mimi ndiye niliyeharibu. Nywele zilinisimama, na kwa hofu ile nikafanya nilichozoea kufanya kila nikikutana na mtu wa Koboko: nikapaza sauti kwa Kiswahili. "Nani huko? Toka nje!"

Kimya kilichofuata sijakisikia tena popote. Hata maji ya chemchemi niliyaona yakitembea bila sauti. Kisha kitu kikapita kwenye majani, chini chini, kikienda mbali nasi bila haraka, na mimi nikasimama pale na penseli.

Mke wa mwitaji alinishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu.

"Wewe nataka nini na yeye?"

"Nilitaka kumwona, mama."

"Ile maneno umeita nayo, unajua iko ya nani?" Hakungoja nijibu. "Siku ile tulikuwa ndani ya nyasi, asikari walikuwa nasimama pale pale, naita hivyo hivyo. Nani huko, toka inje. Mwenye alitoka, hapana rudi. Sasa unafikiri yeye atatoka kwa wewe?"

Nilijisikia kuwa mdogo kuliko nilivyowahi kujisikia. Kiswahili kwangu kilikuwa lugha ya sokoni, ya lori, ya kutaniana na mumewe. Sikuwahi kufikiri kwamba kwa mtu aliyelala kwenye nyasi miaka ile, kilikuwa na sauti moja tu. Niliuliza kama hatutamtafuta. Mpiga tarumbeta alisema kutoka mbele, bila kugeuka, "Mutu amejibu. Kama nataka kuonekana, ataonekana." Na kwenye daftari niliweka alama ya penseli: ameitika.

Laiti ningeiacha hivyo.

Ofisini Arua niliketi verandani na wino na karatasi nzuri. Mkubwa wangu alikuwa mtu mwema, nasema hivyo kwa haki, na alipitia rasimu yangu kaburi kwa kaburi. Tulikuwa tukizungumza Kilugbara, lugha ambayo ndani yake mtu hawezi kujificha kwa mwenzake. Alipofika chemchemini aliuliza ni nani aliyeitika. Nikasema ni mwanamke. Jina lake? Sijui. Umri? Sijui. Anaishi wapi? Hilo nalo sijui. Akaniuliza kwa upole kama nilimwona, nikasema hapana, nilimsikia.

Hakunicheka. Angenicheka ningekasirika, na nikikasirika huwa sirudi nyuma. Alikunja tu uso kidogo, kwa huruma, namna anavyotazamwa mtu aliyeanza homa. Alisema wakubwa watakaoipokea karatasi watauliza maswali hayo hayo, na tukiandika sauti ya kichakani, hata yale makaburi mengine yote watayatilia shaka. Niamue mwenyewe.

Niliamua. Niliwaza jinsi watakavyosema yule msichana wa Awindiri mwenye mwandiko mzuri amerudi kutoka Koboko akiandika mizimu. Nilifuta alama ya penseli kwa raba mpaka karatasi ikang'aa, na kwenye nakala ya wino, mahali pa chemchemi, nikaandika kwa herufi safi kabisa: hapana mwenyewe. Maneno yale yale ya barua ya mfanyabiashara. Usinitafutie udhuru, nilikuwa na akili timamu na wino wa kutosha.

Mvua zilikuja zikapita. Kazi ilinipeleka kwingine, na nilijiambia kwamba ramani ya ukoo ule ilifika salama, maana makaburi mengine yote yalikubaliwa. Kuhusu chemchemi sikuuliza. Siku moja asubuhi mke wa mpiga tarumbeta alitokea verandani na furushi la nta kichwani. Alikuwa amekuja kuiuza. Alilitua taratibu, akakaa kwenye ngazi, akakataa chai.

"Kalamu yako imekata miti," alisema.

Nilipanda naye lori la kurudi siku ile ile, bila ruhusa ya mtu. Njia nzima nilitazama bega lake na nta yake ambayo haikuuzwa.

Kichaka kilikuwa kimebaki nusu. Upande wa magharibi magogo yalilala ovyo, na mizinga iliyoanguka ilikuwa imepasuka, masega yake yamekauka na kuingia mchwa. Nyuki wa upande ule walikuwa wamehama. Watu wa ukoo walikuwa wameketi chini kuzunguka chemchemi, wanaume kwa wanawake, na kati yao mpiga tarumbeta. Hakuniita mwalimu ya kalamu. Aliniita kwa kidole.

Vibarua waliokata walikuwa watu wa mbali, hawakujua habari za makaburi wala kuitwa. Lakini walikuwa wameweka mashoka chini siku mbili kabla sijafika, kabla hata ukoo haujaja kuketi, na walikataa kuyashika tena. Nilionyeshwa sababu. Nyuma ya mkuyu walikuwa wameikata ile mitambaazi minene, na nyuma yake palikuwa na ua.

Ulikuwa mdogo, mviringo, umefagiliwa. Kibanda kilikuwa cha chini, mtu angeingia kwa magoti, na nyasi za paa lake zilikuwa za mwaka ule. Ndani mlikuwa na mkeka uliochakaa upande mmoja tu, mtungi wa maji uliojaa mpaka shingoni, na ufagio. Nje palikuwa na mafiga matatu na jivu jeupe. Mke wa mwitaji alichutama akalisogeza jivu kwa kijiti. Chini yake kulikuwa na kaa, jekundu.

Waliniambia hakuna aliyeongeza kuni tangu vibarua walipopafunua. Walikuwa wamepalinda mchana kutwa kwa zamu, na hakuna aliyekuja. Niliweka kiganja juu ya figa. Lilikuwa na joto, joto la kawaida la jiko la mtu aliyetoka mara moja kwenda kuchota maji. Nilikaa pale nikamkumbuka yule binti aliyesema anarudi kuzima moto. Nililia, na nililia kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimemsikia. Mtu alisema niko, na mimi nikaandika hayupo.

Kwamba alikuwa hai au vipi, sikuuliza na hakuna aliyelizungumza. Nimegundua baadaye kwamba ni mimi tu niliyelihangaikia swali hilo. Wao walikuwa na jingine: nani aliyefuta jibu lake?

Sikungoja nitajwe. Nilisimama mbele yao wote nikasema ni mimi. Nilieleza kuhusu raba na wino. Palikuwa na minong'ono mirefu ya Kikakwa, na mzee mmoja alinitemea mate karibu na miguu, nikaona ni haki yake. Mwishoni mpiga tarumbeta alinieleza walivyoamua. Kwa kuwa kazi imesimama, wakubwa wamekubali kuja kusikia mpaka wa chemchemi ukiitwa upya, na huyo mwenye tumbaku atakuwepo. Pakiwa kimya, nusu iliyobaki inakatwa. Na kwa desturi yao, mtu akimnyamazisha mwitikiaji, yeye ndiye husimama mahali pake na kumwitikia marehemu, mpaka atokee wa nyumba ile.

"Lakini mimi ni mtu wa Arua," nilisema. "Mimi si wa nyumba hii."

"Ndiyo," alisema. "Hiyo ndiyo adhabu."

Nilifundishwa neno hilo na mkewe, siku kadhaa, akisaga mtama. Ni neno fupi, lakini sauti yake hupanda na kushuka, na mimi nililivunja kila mara. Alinirudisha, alinirudisha tena. Siku moja alicheka, nami nikacheka, na hapo nilijua kwamba angalau yeye hanichukii tena. Aliniambia nisilipaze. Mtu wa nyumbani hapigi kelele akiitwa kwao.

Siku ilipofika nilisimama chini ya mkuyu, pekupeku, daftari mkononi. Mfanyabiashara alikuja amevaa shati jeupe na saa aliyoitazama mara kwa mara. Afisa aliyetumwa na wakubwa alikuwa mtu mnene, ametoka jasho, na alionekana kutaka tu kivuli. Ukoo ulisimama mbele yangu. Nyuma yangu palikuwa na ule ua, na nyuma ya ua visiki, jua kali, na hakuna mtu. Nilikuwa nimepita huko mwenyewe muda mfupi kabla, nikahakikisha.

Mpiga tarumbeta alinyoosha mgongo. Akaita.

Nilifungua mdomo. Neno halikutoka. Lilikwama pale pale nilipozoea kulivunja. Aliita mara ya pili, na macho yake yalinitazama kwa kusihi, mtu yule ambaye sikuwahi kumwona akimsihi yeyote. Nililamba midomo. Nilivuta pumzi. Nilikuwa nalo tayari, lipo ulimini.

Jina liliitikiwa nyuma yangu.

Si mbali. Upande wa mafiga, pengine hatua kumi, sauti ile ile ya mwanamke mwenye kazi mkononi, safari hii imechoka kidogo. Neno halikuvunjika. Nilihisi nataka kugeuka hata shingo iliniuma, na Kiswahili kilinijia chote mdomoni, nani huko, nikakimeza. Mbele yangu niliona nyuso za ukoo. Hakuna aliyekuwa akitazama nyuma yangu; walikuwa wameinamisha macho kama watu wanaompa mtu nafasi ya kupita uani kwake. Mfanyabiashara alikuwa ameacha kutazama saa. Mpiga tarumbeta alipiga hatua moja, mbili, akaondoka kwenda kaburi linalofuata, maana aliyeitika haitwi tena.

Nilifungua daftari, nikatoa kalamu ya wino badala ya penseli. Mwandiko ulikuwa mbaya kuliko wowote niliowahi kuandika. Afisa alinisogelea. Alikuwa amevua kofia, na aliongea kwa kunong'ona.

"Nani huyo amejibu?"

"Mwenyewe," nikasema, nikaandika.